Shamba Ndani ya Boksi la Sabuni

Wiki tatu baada ya kumzika Bibi, niliingia duka la jumla hapa Morogoro kununua sabuni ya mche, na muuzaji akapasua katoni mpya mbele yangu. Harufu ile ilinikuta sijajiandaa. Ni harufu ya mafuta na ya karatasi ngumu iliyokaa stoo muda mrefu, na mtu mwingine angeinusa akakumbuka kufua sare za shule. Mimi nilikumbuka shamba la mpunga, kwa sababu nilipokuwa mdogo kwetu tulifika shambani bila kutoka tulipo, uso ukiwa ndani ya boksi la sabuni. Nikasimama pale kaunta machozi yananitoka, na muuzaji, maskini, akadhani nalilia bei.

Najua umri wangu. Sisi wa rika hili hatujafika pa kukunja miguu na kusimulia utoto, wengine bado tunatumiwa nauli na wazazi. Lakini nadhani tumeona jambo ambalo waliotutangulia hawakuliona na watakaotufuata watalichukulia la kawaida. Tuliiona dunia ikiingia kwenye boksi, na tukaiona tukiwa wadogo, katika umri wa kuamini kila kitu.

Kwetu Ifakara familia ya wakulima ina makazi mawili. Kuna nyumba ya mjini, yenye bati na umeme wa kukatika, na kuna kibanda cha shambani huko bondeni, ambako watu huhamia mpunga unapoanza kutoa masuke. Shamba la Bibi Makrina, mama yake mama, lilikuwa upande wa Idete, mwendo wa baiskeli kwanza, kisha wa miguu kwenye tope. Katikati ya shamba kulikuwa na dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, lililoinuliwa juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Juu ya dungu hukaa mtoto, na nilipokuwa darasa la nne mtoto huyo nilikuwa mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Unapanda dunguni kabla ya jua, na kila kundi la kwelea kwelea likitua unapiga debe, unapiga kelele, unafyatua tope. Tope unalibandika kwenye ncha ya kijiti kinachonyumbulika, unakivuta nyuma, unaachia. Nilikuwa na shabaha nzuri na najisifu hadi leo. Bibi alikuwa na sheria moja tu, na alikuwa akiitamka kila asubuhi akinipa kijiti: "Mpunga ukiliwa na ndege na mlinzi yupo, basi kaula mlinzi."

Siku moja mchana, jua likiwa limenikalia utosini, nililala. Bibi alikuwa chini anapika. Aliona ndege wakitua, akaniita, akaniita tena, mwisho akaanza kupanda ngazi kuja kuniamsha. Mimi niliamshwa na mlio wa mti kuvunjika. Nilipochungulia nilimwona Bibi chini, mguu mmoja umekaa vibaya, kipande cha ngazi bado mkononi, na upande wa mashariki mpunga wote umegeuka rangi kwa wingi wa kwelea. Hakulia wala hakunitukana. Alinitazama, akawatazama wale ndege, akasema kwa sauti ndogo, "Skola, ndege hao." Nikapiga debe huku nalia.

Alikuwa amevunjika nyonga. Hospitalini mama alimuuliza ilikuwaje, nami nimesimama pembeni nasubiri hukumu yangu. Bibi akasema, "Ngazi ilikuwa imeoza." Basi, ikaishia hapo. Hakunitaja siku ile wala siku nyingine, na kwangu hilo lilikuwa zito kuliko kuchapwa. Fimbo huwa inaisha.

Alirudi nyumbani, msimu ukapita, mpunga mwingine ukapandwa, na Bibi yumo kitandani chumba cha nyuma, uso ukutani. Muuguzi aliyekuja kumwona alimwambia mama maneno niliyoyasikia kupitia pazia. Mfupa umeunga vizuri, alisema, kilichobaki ni yeye mwenyewe. Inabidi akae, ageuze shingo na mgongo, asimame, la sivyo mwili utazoea kulala na hatainuka tena. Mama alibembeleza, majirani wa jumuiya walikuja kusali, mchungaji wa jirani aliyekuwa rafiki yake wa zamani naye alijaribu utani. Bibi aliwapa wote mgongo. Alikuwa anaogopa kuanguka mara ya pili, leo ninaelewa hivyo. Wakati ule nilielewa jambo moja tu, kwamba Bibi asipoinuka, mimi ndiye niliyemuua.

Aliyekuwa habembelezi mtu ni Mamdogo Beata, mdogo wake mama. Alikuwa fundi simu, mwanamke pekee kwenye mstari ule wa vibanda sokoni, na wateja wapya walikuwa wakimuuliza fundi yuko wapi. Alikuwa akiwajibu, "Fundi kafa, nimerithi mikono." Jioni moja alikuja nyumbani na katoni tupu ya sabuni, kisu cha kukatia karatasi na gundi, akakaa sakafuni akaanza kukata. Nikamuuliza anatengeneza nini. "Macho," akasema.

Alikuwa ameona kwenye mtandao watu wakivaa viboksi usoni na kugeuza vichwa huku na huko kama waliopotea njia, na badala ya kucheka akasimamisha video akahesabu vipimo. Alitoboa matundu mawili, akapachika lenzi mbili za kukuzia, zile ambazo mafundi huzibana jichoni kutazama waya mwembamba. Katikati akaweka ukuta wa karatasi ili kila jicho lione picha yake peke yake. Simu ikaingia kwa mbele. Nilipoweka uso, picha mbili ziliungana zikawa moja, na hiyo moja ilikuwa na kina, unaweza kudhani mkono utazama ndani. Lakini nilipogeuza kichwa, picha haikugeuka. Ilinifuata tu.

"Haina jairoskopu," Mamdogo akasema kwa hasira, akiitoa simu yake.

"Ndiyo nini?"

"Kuna kidude humo ndani, kidogo kuliko punje ya mchele. Kazi yake ni kujua simu imeelekea wapi. Ukigeuka, chenyewe kinajua umegeuka, kinaiambia picha nayo igeuke. Simu za bei ya chini hawakuweka."

"Nani kaamua wasiweke?"

"Walioona watu kama sisi hatuna haja ya kugeuka."

Kwa siku kadhaa alipekua droo yake ya simu zilizotelekezwa na wenyewe, akifungua moja baada ya nyingine, hadi akapata moja iliyopasuka mgongo wote lakini yenye kile kidude. Mimi sikulala vizuri nikiwaza juu ya punje ile. Nilikuwa nikigeuka kitandani na kujiuliza kama kuna kitu gizani kinachojua kwamba nimegeuka. Sikuogopa, nilistaajabu. Hadi leo nikishika simu najikuta naiinamisha polepole, kuijaribu.

Kamera ilikuja kwa bahati. Mwongoza watalii mmoja wa Mang'ula alileta kitu cha ajabu kitengenezwe tundu la chaji: kamera yenye macho mawili, moja mbele na moja nyuma, yote yametuna kama ya chura. Mamdogo aliitengeneza, kisha akamwomba abaki nayo siku chache, na yule kaka alivyokuwa amefurahi kuiona inawaka alikubali. Siku hiyohiyo Mamdogo aliiweka juu ya kigoda mbele ya kibanda chake, akajificha nyuma ya mlango, akairekodi barabara ya sokoni. Jioni akaniita.

Niliweka uso kwenye boksi, na nikawa sokoni. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Nilikuwa chumbani kwetu, miguu peku juu ya saruji, nasikia mama akikoroga uji, lakini nilikuwa sokoni mchana, na nilipogeuka kulia kulikuwa na mafungu ya perege, na nilipogeuka kushoto kulikuwa na mama anayefunga mzigo wa mchele, na nilipotazama juu kulikuwa na mawingu. Nilipiga kelele ya furaha. Kisha akatokea mzee mmoja na baiskeli nyekundu, kuku wawili wananing'inia kwenye usukani. Aliegemeza baiskeli, akainama, akanitazama usoni kabisa, kwa karibu, hadi nikaona mvi za masikio. Mtoto aliyelelewa vizuri hahitaji kuambiwa la kufanya.

"Shikamoo babu," nikasema.

Hakuitikia. Alinitazama bado, akakunja uso, akachukua baiskeli yake akaondoka. Nikavua boksi, masikio yananiwaka kwa aibu. Nilikuwa sijawahi kuamkia mzee nikanyimwa marahaba. Nikajua sababu: hata wazee nisiowajua walikuwa wameshasikia nilichomfanyia Bibi.

Nilikimbilia chumba cha nyuma. Sikuwa na mwingine wa kumshtakia, kwa hiyo niliushtakia mgongo wa Bibi, nikilia, kwamba kuna mzee sokoni nimemwamkia hakuitikia.

"Mzee gani?" mgongo ukauliza.

"Sijui. Ana baiskeli nyekundu na kuku wawili."

"Ulimwamkia vizuri, au ulipayuka?"

"Vizuri, Bibi."

"Na alikuona?"

"Alinitazama machoni kabisa."

Kitanda kikalia. Bibi alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita niliona uso wake wote kwa mpigo, na ulikuwa na hasira. "Mzee asiyeitikia shikamoo ya mtoto ana walakini. Yuko wapi?"

Nikasema yuko kwenye boksi la sabuni la Mamdogo.

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Mamdogo akaleta boksi, akamwekea Bibi usoni akiwa amelala vilevile. Bibi alishtuka, akashika pande zote za kitanda, kisha akatulia. Alitazama muda mrefu. Mzee wa baiskeli alipotokea, Bibi alimsalimia kwa Kindamba, lugha yetu, akasubiri. Alinyoosha mkono amguse, mkono ukapita hewani.

"Skola," akasema kutoka ndani ya boksi, "huyu hajakudharau. Huyu hakuoni. Alikuwa anatazama hicho chombo, wewe umekuja baadaye."

Alikuwa ameelewa kwa dakika mbili kitu ambacho mimi niligoma kukielewa kwa miaka. Nilimwona yule mzee akinitazama, na aliyekutazama amekuona. Ubishi huo ulikuwa wangu na sikuutoa.

"Na nyuma yangu kuna nini? Nasikia watu," Bibi akauliza.

Mamdogo akaona upenyo, akapenya. "Ili uone nyuma lazima ukae, mama. Ukilala unaona upande mmoja tu."

Bibi alifikiri. Kisha akavua boksi akalirudisha. "Soko nimelitembea tangu msichana. Mkitaka nikae, nionyesheni mpunga wangu."

Jumamosi tulikwenda shambani, mama, Mamdogo na mimi. Mpunga ulikuwa umefika pale ambapo punje ikibanwa hutoa maziwa, wakati ambao kwelea huupenda kuliko wakati wote. Mamdogo alisimamisha kamera juu ya mti dunguni, akatuambia wote tujifiche chini ya dungu, kwa sababu hakuna nyuma ya kamera ile. "Inaona pande zote kwa pamoja. Ukitokeza hata kisigino, kisigino kitaingia. Nataka mama aone shamba lake, asione visigino." Tukajikunja kwenye kivuli, matope hadi vifundoni, tukanyamaza.

Kwanza kulikuwa na upepo tu. Kisha nikawasikia. Kundi la kwelea likitua halipigi kelele kubwa, ni mvumo wa mabawa halafu mlio mdogo wa maelfu ya midomo ikivunja punje. Nilimtazama Mamdogo, akaweka kidole mdomoni. Mama alikuwa ameenda kujificha kibandani, kwa kuwa chini ya dungu hapakututosha watatu. Nikasubiri. Kila mlio wa punje nilikuwa nikiusikia kwa sauti ya Bibi, kaula mlinzi, kaula mlinzi. Nilitaka kutoka, na Mamdogo akanishika mkono, akakaza. Nilivumilia hadi nikashindwa. Nikamng'ata.

Nilitoka chini ya dungu napiga kelele, nikafyatua tope, nikafyatua tena, na kundi lote likanyanyuka likaenda zake. Mamdogo alinitukana kwa lugha mbili. Betri ya kamera ilikuwa imekwisha na hapakuwa na namna ya kurudia. Njia nzima ya kurudi Ifakara hakunisemesha, alama za meno zinaonekana kwenye mkono wake ulioshika usukani wa baiskeli.

Jumapili nzima simu iliyopasuka ilifanya kazi ya kuunganisha zile picha za macho mawili ziwe moja. Ilipata moto hadi Mamdogo akawa anaipepea kwa sahani. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Wakati wa alasiri, baada ya watu kutoka ibada ya pili, kazi ikaisha, na Bibi akatimiza ahadi yake. Walimshika mabega wakamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu chini, akiguna kwa maumivu. Kisha wakamvika boksi.

Aligeuza shingo kushoto, polepole, akarudi katikati, akageuka kulia. "Kichuguu changu kile," akasema. "Na mfereji umejaa. Nani kazibua mfereji?" Mama akajibu ni yeye. "Umezibua vizuri." Machozi yalikuwa yakitoka chini ya boksi na kushuka mashavuni, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayekagua kazi. Akageuka zaidi, akajipinda kiuno kuona nyuma, kiuno ambacho mama alikuwa amekibembeleza kwa miezi. Mama aliushika mkono wangu akauminya hadi ukauma. Kama kuna siku nimeona muujiza kwa macho yangu ni ile, na ulinukia sabuni.

Ghafla Bibi akakakamaa.

"Ndege," akasema.

Mimi nikajikunyata ukutani.

"Ndege hao! Mpunga unaliwa! Nani yuko dunguni?" Akaweka viganja kitandani, akajisukuma, akasimama. Bibi Makrina alisimama wima, katoni ya sabuni usoni, mikono yote miwili juu, akapiga ukelele wa kuamia ndege uliosikika hadi nyumba ya tatu, mbwa wa jirani akabweka. Akapiga hatua moja kuelekea walipo ndege, ya pili, ya tatu, akagonga ndoo ya maji, maji yakamwagika. Hakuna aliyemshika. Tulikuwa tumesahau kwamba tuna mikono.

"Hooo! Tokeni! Tokeni hapo!" Kisha akashusha mikono. "Wameondoka," akasema, akihema. Akageuka nusu, boksi likafuata kitu kinachokimbia. "Na huyu mtoto anayetoka nyuma anafyatua tope ni nani?"

"Si Skola huyo," Mamdogo akasema, akisugua mkono wake. "Aliniharibia picha."

Bibi alisimama akimtazama mtoto yule hadi picha ikaisha. "Hajaharibu," akasema. Ndipo alipovua boksi, akaona kitanda kiko mbali na yeye yuko katikati ya chumba, maji miguuni. Nikaona hofu inamrudia machoni. "Nipeni fimbo kabla sijaanguka. Mnanitazama nini?"

Alitembea. Kwa fimbo, kwa manung'uniko, kwa miezi, lakini alitembea. Mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba ndege wale tuliwafukuza wawili, mimi Jumamosi na yeye Jumapili, na kwamba peke yangu nisingeweza. Nilipokua nikaelezwa vizuri, nikakubali kwa mdomo.

Msimu uliofuata Bibi alirudi shambani. Mama alijenga dungu jipya, fupi, lenye ngazi pana kama ya kanisani. Kamera ya Mang'ula ikaharibika tena tundu lilelile, Mamdogo akaitengeneza tena, akaiazima tena, akaja kurekodi. Akatuambia tujifiche, na Bibi akakataa katakata.

"Nijifiche katika shamba langu mwenyewe? Nimemwibia nani?"

"Mama, utaingia kwenye picha."

"Niingie."

Akabaki juu, ameketi kando ya kamera na debe lake, sisi tukaingia chini. Kulikuwa kimya. Upepo ulipita. Kisha juu yangu nikamsikia Bibi akisema, taratibu na kwa heshima zote, "Marahaba."

Hapakuwa na mtu aliyemwamkia. Aliendelea kusema kwa sauti ya chini, maneno ambayo upepo uliyachukua, kama mtu anayeongea na mgeni aliyeketi jirani yake. Nilikuwa nimeshasikia watu wazima wakinong'ona kwamba mzee akianza kuwaitikia wasioonekana, waliotangulia wamekuja kumchukua. Nikaamini wamekuja. Mamdogo alipounganisha picha ile na kutaka kunivika boksi, nilikataa, nikalia, nikajificha uvunguni. Sikuwa tayari kuwaona waliomwita. Baadaye betri ya ile simu ilivimba ikafa, kadi ya kumbukumbu ikapotea, na hakuna aliyeizungumzia tena.

Waliomwita hawakumchukua mwaka ule, wala uliofuata. Bibi alivuna misimu mingi zaidi. Amefariki mwaka huu, kitandani kwake mjini, uso wake umeelekea mlangoni. Mimi nilifika amekwisha kufunikwa. Na katika maneno yote niliyokuwa nimejiandaa kumwambia nikiwa mkubwa wa kutosha, lile la kwanza, kwamba siku ile nililala, sikuwahi kumwambia.

Baada ya msiba Mamdogo alihama kibanda, na nyuma ya rafu akakuta boksi la sabuni limebanwa likawa bapa. Kadi ilikuwa chini ya gundi, mahali alipoibandika mwenyewe isipotee. Akanitumia faili na ujumbe mfupi: *Hii hukuiona.* Nilikaa nayo siku kumi na moja bila kuifungua. Harufu ya dukani ndiyo iliyonisukuma.

Neema, ninayeishi naye chumba kimoja, ana kifaa cha kuvaa machoni alichokinunua mkononi kwa mtu wa Dar. Ni cheusi na hakihitaji simu wala lenzi za fundi. Kina kamera zake nje zinazotambua kuta na kitanda, na kabla hujaanza kinakuchorea mstari wa mwanga sakafuni ili usijigonge. Neema hukivaa kucheza, akipiga ngumi hewani. Jioni ile nilimwomba anisaidie kuingiza faili. "Usicheke," nikamwambia. Akaapa hatacheka.

Nikavaa. Hakikunukia chochote. Kisha nikawa dunguni.

Nilikuwa nimesahau ukubwa wa bonde lile. Mpunga ulikwenda hadi mwisho wa macho, na nyuma yake milima ya Udzungwa, ya bluu, vilele vimefunikwa na mawingu. Picha ilikuwa na ukungu kidogo, ya kamera ya zamani, na mshono ulionekana pale macho mawili yalipokutana. Sikujali. Nilitazama mbele kwa muda mrefu, kwa sababu nilijua nani yuko kushoto na sikuwa na ujasiri. Mwisho nikageuka.

Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Kitenge chake cha shambani, fimbo magotini, debe ubavuni, pengo la jino la mbele. Alikuwa akinitazama. Mtu mzima nimesoma, najua jairoskopu ni nini, najua picha ni ya lini. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Shikamoo Bibi."

Upepo ulipita kwenye mpunga.

"Marahaba," akasema.

Nilisikia Neema akishtuka pembeni.

"Marahaba, mjukuu wangu," Bibi akaendelea kwa ile sauti ya chini. "Yule mzee wa sokoni hakujua kuna mtoto atakuja kumwamkia. Mimi najua. Ndiyo maana nimekaa hapa, nisikuache bila kuitikiwa." Akaangalia jua, akalikunjia uso, akanirudia. "Jua kali, Skola. Macho yako yamechoka. Lala kidogo. Leo ndege nitawaamia mimi."

Nililala. Nilijilaza pale sakafuni, nje ya mstari wa mwanga, Neema akiniuliza kama niko sawa, na juu yangu likaja paa la nyasi, na pembeni yangu Bibi akaanza kupiga debe.